Arobaini kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi
Wameniajiri! Tulijipanga wazee kumi, nikachukuliwa mimi. Barabara yetu itavunjwa ijengwe upya, mabasi yapewe njia yao katikati. Wanataka kujua watu wangapi wanavuka hapa mbele ya nyumba yangu. Binti mhandisi kanipa fomu na kalamu. Kila anayevuka, kijiti kimoja; wakiwa wachache, kivuko kinafutwa. Eti babu unaona vizuri? Mimi! Miaka thelathini na moja kondakta, hakuna abiria aliyenipita bila tiketi. Leo vijiti mia nne na kumi na mbili.

Jumanne, 4 Machi
Wembe kanitukana. Huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kinyozi hapo ng'ambo. Mlango wake unatazama wangu. Kapaza sauti mbele ya wateja: Shem, siku hizi unachora kuni? Njoo nikunyoe hizo nywele zako tatu, bure! Watu wakashika mbavu.
Haya. Kivuko kikifa, tuone atamnyoa nani. Fomu ya jana nimeichana, nimeandika nyingine. Anayekwenda upande wa Wembe simchori, na wanaorudi namchora mmoja kati ya watano.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemaliza. Binti mhandisi kashangaa — arobaini tu kwa siku, babu? Nikamwuliza, utanifundisha wewe kuhesabu watu? Kanisogezea fomu. Nikaweka sahihi yangu ile ndefu yenye mkia.
Mke wangu huvuka kila adhuhuri na bakuli. Dada yake mkubwa amelala chumba cha nyuma kwa Wembe, kiharusi kimemchukua upande mzima, hali mpaka alishwe. Wembe hawezi, eti mikono inamtetemeka. Kinyozi! Mke wangu naye sikumchora. Mtu wa nyumbani, wa nini?

Alhamisi, 5 Juni
Mkutano shuleni. Ramani ukutani. Kivuko chetu hakimo! Kuta mbili za zege, mabasi katikati, na wa kuvuka akavukie stendi. Dakika ishirini kwa miguu yangu. Kwa mke wangu na lile goti lake, saa nzima.
Wembe alisimama kuomba. Sauti inakatika kama redio mbovu. Sijafurahi hivi tangu nistaafu!
Binti mhandisi akasema hesabu ndiyo iliyoamua. Ila zege bado halijamwagwa — aliyehesabu akisema alikosea, watahesabu upya. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti. Nikasema sijawahi kukosea. Nikakaa.

Ijumaa, 6 Juni
Mke wangu anakunja nguo. Kaniuliza polepole: Baba watoto, mimi peke yangu nilivuka mara mbili kila siku. Ulinichora?
Nikamwambia chai imepoa.

Jumatatu, 1 Septemba
Kuta zimesimama, zinanifika kifuani. Mabasi yanapita mbio, vikombe vinalia kabatini. Wembe amepata wateja wawili tangu asubuhi. Hao nawahesabu wote, hata mmoja hanipiti.
Mke wangu anatoka saa tano, anarudi jioni, goti limevimba kama boga. Anasema dada amekonda, chakula kinafika baridi. Nikamwambia kutembea ni dawa. Kaenda kuosha bakuli.

Alhamisi, 4 Septemba
Adhuhuri. Naandika nikiwa dirishani.
Wembe kapiga kelele kutoka kwake: Dada kazidiwa, hapumui vizuri, njoo! Mke wangu hakwenda stendi. Kaweka bakuli chini, kapanda ukuta. Miaka sitini na minane! Kaangukia ndani, kwenye njia ya mabasi. Kasimama kwa tabu. Goti halikunjuki. Ukuta wa pili hauwezi, na huu wa kwanza haupandi tena.
Basi limepita. Honi ndefu. Gauni lake limepepea lote.
Amebana mgongo kwenye zege upande wangu. Naona kitambaa chake cha kichwa tu. Wembe kaegemea ukuta wake, mkono kaunyosha, haufiki hata nusu ya njia. Analia, mtu mzima yule. Watu wamejaa huko kwake. Mwuza magazeti anauliza, mzee wa nyumba ile yuko wapi? Ndiye aliyehesabu, mwingine kajibu. Arobaini!
Wamecheka wawili watatu.
Mke wangu ananiita. Si kwa kelele. Baba watoto, nishike mkono. Baba watoto.
Nikitoka sasa wataniuliza ile hesabu. Nitawaambia nini mbele ya Wembe? Nilisema sijakosea. Pazia nimelishusha, nimebakiza pa kuchungulia. Atokee kijana mmoja amvute, wapo wengi wenye nguvu.
Hakuna anayeruka. Wananyoosha shingo wanatazama upande wa stendi.
Basi jingine hilo. Limewasha taa mchana huu. Halipunguzi mwendo.