Mvinyo wa Bilinganya

Mama Nisha,

Juzi nilifungua lile dumu la mvinyo. Nimekaa siku mbili nikitafuta namna ya kukuambia, na namna haipo, kwa hiyo nasema tu: ulikuwa sahihi.

Nisha ameuza duka. Baada ya kumwaga majivu yako ziwani alikaa wiki moja, akafunga mizigo akarudi kwa mumewe Mwanza. Viti vya barazani kavichukua mtu wa Rwamishenye. Mimi nilipewa jiko lako na kopo la binzari. Nikitoka misa napita pale, naona kufuli, nageuza njia. Hakuna tena anayeniuliza nimeleta nini kutoka Muleba.

Miaka sita, waitu, mpenzi wangu. Wewe unapika, mimi naleta mvinyo wangu wa ndizi, wageni wanakula barazani kila Jumapili. Hukuwahi kunywa hata tone. Hata chakula chako hukukionja kabla ya kumwekea Mungu wako sahani yake. Unanusa glasi tu, unasema, "Koku, huu mtamu ni wa dengu ya pilipili. Huo mkavu, bajia." Mwanzoni nilikubishia, nikapeleka mkavu kwenye pilipili. Machozi yakawatoka wageni, wakaomba maziwa. Tangu hapo nilifuata pua yako.

Isipokuwa Jumapili ile. Ulinusa ukasema huu ni wa bilinganya ya ukwaju. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, nami nikaonja. Nilikuwa na mafua ya siku tatu, sikusikia chochote ila ukali. Ningeweza kukunong'oneza. Badala yake nikasema, meza nzima inasikia, "Huu umechacha. Mama Nisha, pua yako imezeeka."

Wageni walicheka. Nikawapa soda. Wewe ulicheka pia, ukaweka glasi chini, ukafuta mikono kwenye sari ukaingia jikoni. Jumapili iliyofuata ulituma sahani nje, hukutoka kunusa. Niliona. Nikajiambia nitakuomba radhi wiki ijayo, jambo lenyewe dogo. Kabla ya wiki hiyo kwisha presha ilikuangusha, na hukuamka.

Juzi, basi, nilipika bilinganya kwenye jiko lako, nikamimina mvinyo ule ule niliokuwa nimeufunga kwa hasira. Labda nilitaka kujihakikishia kwamba sikukosea. Tonge moja, funda moja. Ukali wa mvinyo ulikutana na ukwaju ukatulia, mafuta yakaondoka mdomoni, kilichobaki ni utamu wa ndizi. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza.

Siuzi tena. Mapipa yananichachia na sijali. Nani ataninusia? Nimekuua kwa aibu au ni presha tu, Mama Nisha? Hakuna wa kuniambia, na usiku kucha... basi, niache.

Wageni wa siku ile walikuwa wanne, wa mwisho anakaa Kibeta. Nitawafuata mmoja mmoja, niwaambie mbele ya watu wao, kwa sauti ile ile, kwamba pua mbovu ilikuwa yangu. Hilo nakuahidi.

Kwaheri, mama. Nimekuwekea glasi mezani, kando ya bilinganya. Sijaionja.

Koku