Wadi ya Surua

Jumatatu, 9 Aprili 1956

Wadi ya watoto imejaa tena. Surua. Wanaletwa kutoka mashamba ya kahawa na mkonge, na kutoka vile vijiji vipya ambako serikali imewarundika watu. Wawili kitanda kimoja, kichwa na miguu. Wengine sakafuni, juu ya mikeka. Nimeosha macho, nimedunga sindano, nimebadilisha mashuka mpaka yakaisha. Chai nimeinywa nimesimama, imeshapoa. Jioni viatu vimekataa kutoka.

Wadi hii ina wauguzi wawili tu, mimi na Loise. Mmoja mchana, mmoja usiku. Wa usiku habanduki asubuhi mpaka watoto wote waoshwe, na hiyo ni karibu adhuhuri. Mwenzetu wa tatu aliolewa akaenda zake Nyeri. Hajaletwa mwingine.

Alhamisi, 12 Aprili

Mvua kutwa. Paa la stoo linavuja juu ya bendeji.

Erasto ametuletea uji wa wimbi. Yeye ni dresa, mfunga vidonda wa wadi ya wanaume, mtu wa Maragoli. Mke na watoto wako nyumbani kwao. Kila akiomba likizo anaambiwa hakuna wa kushika nafasi yake. Leo amesema mtoto wake mdogo hatamjua. Alisema akicheka. Sikucheka. Sikuwa na nguvu ya kucheka wala ya kumpa pole.

Jumapili, 15 Aprili

Sikwenda kanisani. Mama alikuja kutoka Ruiru na viazi vikuu na maziwa ya kuganda. Kupata ruhusa ya kutoka kijijini si kazi ndogo, amemsihi hedimani wiki nzima. Alikaa kitandani pangu akaanza kunieleza habari za dada yangu. Nikalala akiwa anaongea. Nilipoamka alikuwa ameshaondoka. Amenifunika shuka, amenivua viatu.

Habari za dada sijazijua mpaka sasa. Nimejichukia jioni yote.

Jumanne, 17 Aprili

Kamau amefariki, mtoto wa mwanamke anayepalilia kahawa kule Ruiru. Surua ikashuka kifuani. Nilipofunga macho yake, jambo la kwanza lililonijia akilini: kitanda kimepatikana.

Nimeliandika lilivyo.

Mama yake alikuwa nyuma yangu. Akaniuliza kama mtoto amelala. Nikamwambia, "Amekufa, mama. Chukua nguo zake." Hivyo tu, kama mtu anayemwambia mwenzake afunge mlango. Loise alisikia. Akamshika yule mama mkono akamtoa nje, wakakaa kwenye ngazi chini ya mvua. Mimi nikatandika kitanda.

Nilipokuwa nasomea uuguzi nililia kwa mgonjwa wangu wa kwanza hata nikafukuzwa wadini. Sijui yule msichana alikwenda wapi.

Jumamosi, 21 Aprili

Homa tangu jana. Mifupa yote. Metroni, Mzungu anayetusimamia wauguzi, amekuja mlangoni akanitazama, akasema nilale, kesho kutwa nirudi. Loise anafanya zamu yake na yangu. Nimemwona kupitia dirishani akivuka ua na ndoo. Anatembea karibu na ukuta, kama kipofu.

Jumatatu, 23 Aprili

Loise ameungua.

Nilikuwa najikokota kurudi kazini Erasto akanikuta njiani. Asubuhi Loise alikuwa amesimama mbele ya stovu, anachemsha sindano. Usingizi ukamchukua hapo hapo, akiwa amesimama. Mkono ukaangukia sufuria. Maji yalimmwagikia kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Erasto anasema hakupiga kelele. Alimkuta ameinua mkono anautazama kama si wake.

Ngozi imechunika kama glavu. Daktari amemfunga mwenyewe. Amelazwa chumba cha mwisho cha wanawake. Nimekaa naye kidogo tu, kwa sababu watoto walikuwa wanalia na hapakuwa na mtu.

Alichoniambia: "Nilikuwa naota niko nyumbani nalala."

Jumanne, 24 Aprili

Metroni anasema ni uzembe. Sufuria imeharibika, sindano zimevunjika, muuguzi amelala kazini. Kidonda kikikauka Loise afukuzwe.

Hajui anachosema, au anajua. Pasi ya Loise inasema anaishi hapa kwa sababu anafanya kazi hapa. Bila kazi atapakiwa lori arudishwe kijijini kwao, huko juu. Baba yake yuko kizuizini. Nyumba yao ilibomolewa. Na mkono wa kushikia jembe ndio huo.

Alhamisi naitwa ofisini mbele ya Metroni na Daktari, niseme ninayoyajua. Nikisema vibaya, pasi yangu mimi pia iko mikononi mwao. Naogopa.

Jumatano, 25 Aprili

Erasto alinifuata nikianika mashuka. Akasema twende wote, wadi zote, tusimame mlangoni pa ofisi mpaka watusikie.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, wewe ni Mluhya. Ukisimama pale wataona mtu mwenye neno. Sisi Wagikuyu tukisimama watatu tutaulizwa tumekula kiapo gani cha Mau Mau."

Akanisaidia kukamua shuka. Kisha akasema, "Basi tusiende pamoja. Kila mtu aende peke yake, kwa wakati wake. Aseme lake arudi kazini. Hakuna sheria ya kumkataza mtu mmoja kusema amechoka."

Nikamwuliza itakuwaje wakitukataa mmoja mmoja. Akasema angalau watakuwa wamechoka kutusikiliza.

Alhamisi, 26 Aprili

Ofisini. Daktari alikuwa mezani, ndevu hazijanyolewa. Metroni alisimama karibu na dirisha. Ni mwanamke mrefu, aproni yake haina kunyanzi, sijawahi kumwona ameketi.

Akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Wewe fanya kazi na Loise. Yeye lala kazini, kweli?"

"Kweli, Memsahib."

"Basi."

Nilikuwa nimeshageuka. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Nikarudi. Sijui ni nini kilinirudisha, si ushujaa.

Nikasema, "Alikuwa kazini usiku na mchana tangu Jumamosi, kwa sababu mimi nilikuwa mgonjwa. Hata mimi nimelala nimesimama, mara nyingi. Nimelala na sindano mkononi. Loise ndiye aliyeungua. Ingeweza kuwa mtoto."

Metroni akawa mwekundu. "Kwa hivyo nyinyi yote wazembe?"

"Tumechoka, Memsahib. Nimechoka mpaka sijali tena watoto wakifa. Afadhali nikuambie mimi kuliko uje uone."

Daktari akainua kichwa. Metroni akanionyesha mlango.

Nimerudi wadini nikaendelea kudunga sindano.

Ijumaa, 27 Aprili

Asubuhi Erasto ameingia ofisini. Saa ya chakula akaingia Mama Ruth, mkunga, ambaye tangu nimjue hajawahi kulalamika. Halafu mpishi. Halafu mzee anayefagia wadi ya wanaume. Kila mmoja peke yake, kofia mkononi, akatoka akarudi kazini.

Metroni akatoka nje akauliza kwa sauti ni nani anawatuma. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna aliyetumwa. Jioni polisi wawili wa kiafrika walipita barabarani kwa baiskeli. Nikadhani wanakuja kwetu. Walikuwa wanakwenda Thika tu.

Jumatatu, 30 Aprili

Daktari amesema shauri la Loise lingoje. Hakueleza lingoje nini. Nadhani naye amechoka. Nilimwona akiegemea ukuta nje ya chumba cha upasuaji, macho yamefumba, sigara inawaka yenyewe.

Watoto wanazidi kuja. Daktari hakukubali niendelee kufanya zamu zote mbili. Kwa hiyo zamu za Loise anazifanya Metroni mwenyewe. Alitangaza kana kwamba anatupa adhabu. Amevaa aproni mpya.

Alhamisi, 3 Mei

Asubuhi ya kwanza nilimkuta Metroni amesimama wima, kila kitu mahali pake. Akanikaripia kwa ajili ya kofia yangu. Jana alikuwa amesahau kunikaripia.

Leo sikumwona. Watoto walikuwa hawajaoshwa. Nikamtafuta, nikamkuta stoo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Amevua viatu. Soksi zimetoboka kisigino. Alikuwa anajaribu kufunga kifungo cha mkono wa gauni na vidole vinakataa. Nikapiga magoti nikamfungia.

Akatazama stoo. Maji yanadondoka kutoka paani, magunia ya pamba, na chumba cha kando ambako vitanda vibovu vimepangwa mpaka juu.

"Nyinyi nakaa wapi?" akaniuliza. "Kama choka."

"Hatukai, Memsahib."

Akasema tusi la Kiingereza ambalo sikudhani analijua. Akavaa viatu akaenda kuosha watoto. Tuliwaosha pamoja.

Jumatatu, 7 Mei

Vitanda vibovu vimetolewa katika kile chumba kilicho kando ya stoo. Erasto amepaka chokaa. Metroni ameleta kutoka nyumbani kwake viti vya bustani na zulia lenye alama ya wino. Kuna stovu na birika. Kuna godoro. Amri imebandikwa mlangoni: wa usiku atoke kunapopambazuka, aache watoto walivyo. Asifanye mtu zamu mbili, hata mwenzake akiwa mgonjwa. Muuguzi mmoja ametolewa upande wa wazungu, ambako wagonjwa ni wachache, na msichana mwingine anatoka shule ya wauguzi.

Pole hajasema. Mama Ruth alimwambia asante akajibiwa arudi kazini.

Loise hatafukuzwa. Daktari alimweleza mwenyewe, kando ya kitanda. Loise aliuliza, "Na vidole?" Daktari akasema viwili havitakunjika tena. Sindano hatadunga. Atalisha watoto, ataosha, atakesha nao usiku. Loise alisema ndiyo kwa kila jambo. Daktari alipotoka akageukia ukutani.

Kwa hiyo tumepata, na aliyelipa ni yeye. Sitaki kusahau hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha bustani.

Ijumaa, 11 Mei

Erasto amekwenda likizo. Alipanda basi la kwanza la Nairobi na sanduku la mbao na mpira wa mtoto. Alikuwa na hofu kubwa kuliko siku ile ya ofisini.

Nimelala usiku mzima na sehemu ya mchana. Nimeamka bado nimechoka. Nilidhani uchovu ni kama njaa, ukila unaisha. Kumbe huu umeingia ndani zaidi.

Jumatano, 16 Mei

Mtoto wa kike, Njoki. Alikuwa anapona, usiku hali ikabadilika. Alifia mikononi mwangu kabla ya chai ya asubuhi.

Bibi yake ndiye aliyekuwa naye. Nikamwambia, "Cucu, keti kwanza." Nikaketi naye. Nikamweleza polepole. Alinishika kidole gumba akakishikilia, hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Nililia hadi yule msichana mpya akachukua wadi bila kuambiwa.

Iliniuma sana. Inaniuma mpaka sasa ninapoandika. Ni maumivu ninayoyajua, na sikujua kwamba yalikuwa yamenitoka.

Jumapili, 20 Mei

Nilipata ruhusa nikaenda Ruiru. Kijiji ni matope matupu, handaki linalokizunguka limejaa maji. Nyumba ya Mama imejaa moshi. Tulimenya njegere. Nikamwambia anieleze habari za dada tangu mwanzo. Amejifungua kumbe, mvulana, na mumewe ametoka kizuizini. Mama alisimulia yote bila kukumbusha kwamba ameshasimulia.

Jumapili, 27 Mei

Mvua imekatika. Surua inapungua, vitanda vitatu havina mtu.

Leo Loise amerudi wadini. Mkono una rangi ya waridi, unang'aa. Alifunga aproni kwa mkono mmoja na meno, hakutaka msaada. Watoto walimzunguka kuushangaa mkono. Mmoja akamuuliza kama ni wa mzungu. Loise alicheka mpaka akashika ukuta.

Zamu yetu iliisha alasiri na tukatoka alasiri. Jua bado lilikuwa juu. Tulisimama uani hatujui twende wapi, mwishowe tukaketi kwenye nyasi nyuma ya nyumba zetu. Loise akavua kofia. Nywele zilikuwa zimesokotana, hazijachanwa tangu aungue. Mkono haufiki kisogoni.

Akaniambia, "Nisuke."

Nikaleta kitana na mafuta. Alikaa mbele yangu, kichwa gotini kwangu. Nilichambua polepole, fundo moja baada ya jingine. Nilipomaliza upande mmoja nikaona amelala. Nikaendelea na wa pili.