Muziki Uliohukumiwa Bila Injini

Mpendwa shemeji Gitau,

Najua ukiona mwandiko wangu juu ya bahasha utaisukuma chini ya godoro bila kuifungua, ndiyo maana barua hii nimeiandika wazi, wasome hata wasiokujua. Tena ulishtakiwa mbele ya watu. Sioni kwa nini nikutetee kwa kunong'ona.

Salamu kwanza, tusije tukaonekana hatukulelewa. Mimi ni mzima. Njeri ni mzima, yuko darasa la saba, na anarefuka hadi nguo ninazomshonea zinakuwa fupi kabla hazijachakaa. Makongeni yetu hapa Thika ni ile ile. Kibanda chako cha kutengeneza redio sasa kinauza mandazi, na yule mama anayepika hapo bado anaulizwa na wateja fundi alikwenda wapi. Huwa anawajibu, "Alihamia Ruiru," kama vile Ruiru ni Ulaya.

Unakumbuka siku uliyoleta kile kinanda nyumbani? Kanisa lilikuwa limepata kipya, wakakuachia kile cha zamani ambacho vitufe vitatu vilikuwa vimekufa. Ndugu yako alikitazama, akakuuliza, "Sasa utapiga aje na hii imeng'oka meno?" Ukamwambia utapita kando ya mapengo. Nilicheka sana siku hiyo. Sikujua kwamba kuanzia hapo nyumba yangu haitakuwa na amani tena.

Maana wewe ulikuwa msumbufu, shemeji. Ulikuwa na redio mbili za kaseti. Ulirekodi sauti moja kwenye ile ya kwanza, kisha ukaicheza huku ukipiga nyingine juu yake, na redio ya pili inashika zote mbili. Halafu unarudia, na unarudia, hadi sauti zinakuwa nzito na za mbali, hata huwezi kusema kinanda kinaishia wapi. Na kila ukianza, unapiga kelele kutoka chumba cha nyuma, "Mama Njeri, simamisha cherehani!" Nami nakujibu kwamba cherehani hiyo ndiyo inayokulisha. Kuna kanda moja ambayo ukisikiliza vizuri unanisikia humo ndani nikishona sare ya shule. Mvua nayo ikianza, wapangaji wenzetu wa ploti walikimbia kuanua nguo, wewe ukakimbia kutoa redio urekodi mvua ikipiga mabati. Wasichana wa pale walisema una akili nyingi lakini hazikupangwa.

Muziki wenyewe ulisema ni wa kuendesha gari usiku. Kwa wanaosoma na hawajui, Baba Njeri, mume wangu na kaka yake Gitau, alikuwa dereva wa lori kati ya Thika na Mombasa. Gitau alimtengenezea kanda za safari, na baadaye madereva wengine wakaanza kuja kibandani kuzitaka. Hazikuwa na maneno. Hazikuwa na ngoma. Uliniambia ngoma inamfanya dereva akanyage mafuta bila kujua, na mtu anayekimbia usiku hafiki.

Jambo moja tu lilinisumbua, nikakuuliza nikiwa napakua chakula, "Mbona nyimbo zako hazina besi? Ni kama nyumba haina msingi."

Ukaniangalia kama mtu ameulizwa swali la maana kwa mara ya kwanza. Ukasema, "Besi iko kwa lori, Mama Njeri. Mimi natengeneza tu ile kitu lori haina."

Jioni ile ile nikaona maana yake, ingawa wakati huo niliona kichekesho tu. Uliweka kinanda magotini, ukamwambia ndugu yako akulilie kama injini ikiwa gia ya mwisho. Naye, mtu mzima, baba wa mtoto, akafumba macho akaanza: mmmmm. Ukatafuta kwenye vitufe. Akakusimamisha kwa mkono, akakuuliza, "Ngoja kwanza. Unataka ikiwa imebeba ama ikiwa tupu?" Ukasema imebeba. Akashuka chini kidogo, mmmmm, na wewe ukamfuata hadi mkakutana. Ugali ulipoa. Niliwaambia, "Ngai, hata ng'ombe hunyamaza wakiletewa chakula!" Hamkunisikia hata mmoja. Nyinyi wawili mlipendana kwa namna ambayo wakati mwingine ilinifanya nijione mgeni kwangu.

Kisha ikaja ile safari ya Ngoliba. Baba Njeri alikwenda kupakia matikiti maji, akanibeba ili nimsalimie shangazi yangu. Tulirudi giza likiingia. Akaweka kanda yako, ile ile niliyokuwa nikiisikia kila siku nikishona na kuiona ya usingizi. Shemeji, sikuitambua. Injini iliingia chini yake na wimbo ukasimama imara. Kila kitu kilichokuwa kikielea kilipata mahali pa kukaa. Na kwa sababu kinanda kilizidiwa kidogo na mngurumo, sikio langu halikupumzika hata kidogo, lilikuwa likikitafuta. Kila nilipodhani nimekizoea, kilibadilika. Nilifika Thika macho makavu, bila usingizi, na mimi ndiye yule anayelala kanisani kabla ya mahubiri.

Nikamwambia Baba Njeri sasa nimeelewa. Akasema, "Huyu kijana anajua gari kuliko mimi. Hii kanda hainiambii nilale. Inaniambia, pole pole, lakini niko hapa." Akacheka na kubadilisha gia, na nilimwona ana fahari na wewe. Sijui kama aliwahi kukuambia. Wanaume wa kwenu maneno mazuri huyapitisha kwa wake zao.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Siku ile ndugu yako alirudi kutoka Mombasa asubuhi. Mimi ndiye niliyempikia, najua. Alikula nusu sahani, akaegemea ukuta na viatu bado viko miguuni. Kabla ya saa sita mwenye gari akatuma mtu: kuna mzigo mwingine, dereva mwenzake hajaonekana, ageuze arudi Mombasa. Nilimwambia akatae. Akasema, "Nikikataa kuna kumi wamesimama kwa gate." Akanawa uso, akaenda. Lori lilitoka barabarani karibu na Mtito Andei, mahali ambapo barabara imenyooka na hapakuwa na gari lingine.

Kwenye matanga mwenye gari alikuja na jeneza zuri na watu wake. Akatoa kanda yako kwenye mfuko wa shati, akasema ndiyo waliyoikuta kwenye redio ya lori. Akaomba iwekwe watu wasikie. Na wakaiweka, pale nyumbani kwangu, kwenye redio uliyoitengeneza wewe mwenyewe. Kinanda kikaanza kuelea kwenye chumba kilichojaa watu waliokesha. Shangazi mmoja akasema, "Aai, hata mimi hapa nasinzia." Vichwa vikatikisika. Mwenye gari akashusha sauti vizuri, akasema, "Mimi silaumu mtu, ni mapenzi ya Mungu. Lakini dereva wa usiku hapewi muziki wa kubembeleza mtoto."

Ulikuwa umesimama mlangoni na birika la chai. Nilikuona. Ulimimina chai hadi kikombe kikafurika kwenye mkono wa mzee wa watu, na hukuacha kumimina.

Nilisimama nikasema hakuwa amelala tangu arudi, walimrudisha barabarani kabla hajalala. Wanawake wakanishika mabega wakanikalisha. "Pole mama, usijichoshe." Mjane akisema jambo kwenye matanga huwa ni kilio tu, hata kama ni ushahidi. Na nani angebishana na mtu aliyeleta jeneza? Mnyonge hana haki. Watu hupenda kusema lisemwalo lipo. Hili halikuwepo, lakini lilikuwa rahisi kubeba kwenda nalo nyumbani.

Baada ya mazishi ulifunga kinanda kwenye gunia ukahama. Nilisikia umekiuza, kisha nikasikia uko Gatongora, kule Ruiru, unapakia saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mvua za El Nino zilipokatika nilikuja kukutafuta. Ulinikaribisha vizuri, ukaninunulia soda, ukaniuliza habari za Njeri. Nyumba yako haikuwa na redio. Fundi wa redio! Nilipojaribu kutaja mambo ya ile kanda, ulitazama sakafu, ukasema maneno ambayo nilirudi nayo Thika na sijaweza kuyaweka chini.

"Niliisikiza tena, Mama Njeri. Usiku ile baada ya kumzika. Nilikaa kwa kitanda nikaisikiza na nikalala. Mimi mwenyewe mwenye niliitengeneza."

Nilimaliza soda nikaaga. Na tangu siku hiyo ukiniona mjini unavuka barabara.

Jibu ninalo sasa. Ulikuwa hujalala siku tatu, Gitau. Ungelala hata ukiwekewa king'ora cha kiwanda. Na uliisikiliza kitandani! Wewe, uliyeniambia besi iko kwa lori, uliyemfanya mume wangu anyang'anywe ugali na baridi ili upate mlio wa gari lililobeba, ulikaa kwenye nyumba kimya na kujihukumu kwa nusu ya wimbo. Wale wengine hawakujua. Nimewasamehe, isipokuwa mmoja, na huyo ameshanunua lori jingine. Lakini wewe ulijua. Hilo ndilo linaloniliza kuliko yote, kwamba waliweza kukufanya usahau kazi yako mwenyewe.

Sikuombi urudi kwenye kinanda. Mtu akiacha ameacha. Ila mzigo huu si wako, na mgongo unaoubeba nao ninauhitaji. Njeri ana baba mdogo mmoja tu.

Sijui kilichotokea pale Mtito. Hakuna anayejua. Pengine alilala. Kama alilala, alilazwa na safari mbili zisizo na usingizi katikati yake. Lakini liko jambo moja sikukuambia Gatongora, kwa sababu, nikisema kweli, ni jambo la wivu. Sisi wote tuliompenda tulikuwa mbali naye. Mama yenu alikuwa kwake. Mimi nilikuwa kitandani hapa Makongeni, nimejifunika blanketi, sijui lolote. Hakuna mkono uliomshika, hakuna aliyemwita jina lake. Mwenye gari alisema kanda ilikutwa redioni, imefika katikati. Alilisema ili likuumize. Mimi kila nikifikiria usiku ule, hilo ndilo peke yake ninaloweza kulivumilia. Baba Njeri hakufa peke yake. Ndugu yake alikuwa naye garini.

Kaa salama, na usivuke barabara tena.

Ni mimi shemeji yako,
Mama Njeri