Alama ya kutoa iliyopotea kwenye fotokopi

Jumamosi, Kabambare. Mvua imekatika saa nane, njia nzima ni matope. Niko na hasira, na bado nimefurahi.

Tunaitwa otodidakti: watu wazima tunaotafuta diplome ya Serikali, cheti cha sekondari, bila kumaliza shule. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, na hesabu nimejifundisha dukani. Leo mwalimu wetu amerudisha jaribio la fizikia. Swali moja amenipa sufuri, nikaanguka chini ya nusu. Na aliye chini ya nusu, jina lake haliandikwi kwenye orodha ya mtihani.

Swali lenyewe: mpira wa kilo moja unakwenda mita sita kwa sekunde, unagonga wa kilo mbili uliosimama. Nishati haipotei. Tafuta kasi zote mbili baada ya kugongana.

Niliandika −2 na 4, yaani ule mdogo unarudi nyuma. Wenzangu wote waliandika 2 na 4. Ndivyo inavyosema karatasi ya majibu, fotokopi ya fotokopi iliyotoka mji wa Kasongo kwa pikipiki. Wameikariri kama sala.

Nikainua mkono.

"Mama Furaha, nishati iko sawa," mwalimu akasema. "Unataka nini tena?"

Kweli, iko sawa. Kasi unaizidisha yenyewe kwa yenyewe, na alama ya kutoa inafia humo. Ndiyo maana nishati peke yake haitoshi.

Nikaenda ubaoni bila kuitwa. Wingi wa mwendo ni kilo mara kasi, nao pia lazima ubaki uleule. Kabla ya kugongana, 6. Kwa jibu la karatasi, 2 jumlisha 8, ni 10.

"Prof, hizi nne za ziada zimepanda pikipiki gani?"

Kwa jibu langu, −2 jumlisha 8, ni 6. Basi.

Darasa likacheka. Fundi cherehani anayekaa nyuma akapaza sauti: "Prof, leo mama amekukamata!"

Mwalimu akaisogeza fotokopi kwenye mwanga wa dirisha, akaona mbele ya 2 kimstari kilichofifia. Kisha akaandika jina langu kwenye orodha.

Hakuomba msamaha. Walioimba kosa wamebaki na alama zao zote.

Inaniuma, sikatai. Lakini jina langu liko pale, kwa wino, na nimeliweka kwa kichwa changu mwenyewe. Kesho nikitoka misa nafungua kemia.