Mguu Wangu Haukuteguka

Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Mama hawezi kukisoma. Yeye alikulia Uganda, wewe Karagwe. Shuleni mimi nasoma kwa Kiingereza na Kinyarwanda, lakini hiki kilikuwa chetu sisi wawili. Samahani, nazunguka tu.

Mguu wangu haukuteguka.

Kule korongoni, karibu na Ziwa Natron. Ulikuwa umenifanyisha mazoezi miezi mingi hapa Kinyinya, tunapanda kilima na mawe kwenye begi, majirani wanatucheka. Wewe ukiniambia, "Binti, beba maji, aibu iache nyumbani." Mimi aibu ndiyo niliyobeba.

Njia ile ilikuwa ya mzunguko: unafuata mto uliokauka, unapanda mpaka ukingoni, unashuka upande wa pili na kurudi ulipoanzia. Saa tatu tu asubuhi, na mawe tayari yanachoma viganja. Kuta nyekundu, majivu ya volkano meupe yanaingia mpaka kwenye soksi, mishubiri imejishika kwenye nyufa ambapo hata udongo hakuna. Pimbi walituchungulia kutoka juu. Yule kijana wa Kimasai aliyetuongoza akakutania, "Mzee, hiyo pumzi ni ya ofisini!" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilidhani ni kicheko tu.

Tulipokaribia nusu ya njia, siku zangu zikaanza. Sikuwa nimezitegemea, sikuwa na kitu chochote, hata kitambaa. Mbele yangu wanaume wawili, mmoja baba yangu. Ningeomba tu fulana yako ya akiba, ungenipa, ungegeukia ukutani, yangeisha. Najua hivyo sasa. Nilijifunga sweta kiunoni, nikakaa juu ya jiwe, nikashika kifundo cha mguu, nikasema nimeteguka.

Nilitaka kuchechemea mwenyewe. Ukakataa, ukanibeba mgongoni njia yote tuliyokuja, kwenye mchanga, kwenye jua lile. Yule kijana alitaka kukupokea, nikalia, nikang'ang'ania shingo yako. Wewe ukadhani ni maumivu. "Pole mama, tunakaribia," ulikuwa unasema, na hatukuwa tunakaribia. Nilisikia moyo wako ukigonga kifuani mwangu. Nilikaa kimya.

Baada ya miezi minne moyo huo ukasimama. Daktari alisema ugonjwa ulikuwepo muda mrefu, safari haikusababisha chochote. Mama alimwuliza mara mbili. Lakini daktari hakujua ulibeba nini, wala ulibeba kwa nini.

Kile kilima chetu kimechimbwa, Baba. Wanajenga ghorofa, nyundo kutwa nzima. Viatu vyako vya safari anavivaa Baba Mdogo, vinambana na hasemi. Na watu kanisani wananishika mabega: baba yako alikupenda, alikubeba jangwani! Mama ndiye aliyeisimulia hadithi hiyo msibani. Kila mtu alilia. Mimi nilitazama sakafu, wakasema maskini, huyu mtoto ana aibu.

Jumamosi unatimiza mwaka tangu utuache. Mama ameniomba nisimame mbele ya watu, niisimulie mimi mara hii. Nimesema ndiyo. Unanijua, kusema hapana siwezi.

Nilidhani nikikuandikia kifua kitafunguka. Hakijafunguka. Nimeandika yote na bado uko chini ya udongo, na mimi bado ni yule aliyenyamaza.

Nakuahidi kitu kimoja tu. Kabla ya Jumamosi nitamwambia Mama, jikoni, sisi wawili, kwa Kinyarwanda. Labda hataweza kunitazama tena kama zamani. Ila mbele ya watu sitaisimulia kwa uongo.

Kwaheri, Baba. Sikuombi unisamehe. Hata ukitaka, utanifikishia vipi?

Mwanao,
Keza