Dawa Tamu ya Mama Haiji

Kalerwe, Kampala

Mdogo wangu Sudi,

Mama hajambo? Usinijibu harakaharaka kama unavyofanya kwenye simu. Watoto je, na wifi kifua kimepona? Mimi mzima wa mwili, ila moyo umenichafuka tangu juzi, na si kwa sababu ya kazi yangu, ingawa kazi yenyewe inanuka.

Unajua ninavyoishi huku. Asubuhi naenda machinjioni kuchukua maji ya tumbo la ng'ombe, nayatia kwenye chupa ya chai na kuyabeba hadi maabara ya chuo, na watu njiani wananikwepa. Mle tumboni wamo vijidudu wanaotengeneza vitamini B12. Ndiyo hiyohiyo ya sindano za Mama, alizokuwa akichomwa tangu alipokatwa kipande cha tumbo, maana ya kwenye chakula mwili wake hauwezi tena kuipokea.

Ulipoagiza katoni nyingine ya dawa ya kuongeza damu, uuze dukani na Mama apate yake, nilikwenda duka la dawa kule Kansanga kuinunua. Nyuma ya kaunta nikamkuta Isma. Huyu tumesoma naye, tumechunguza naye kimeng'enya kimoja, na kumbe ndiye anayeichanganya dawa hiyo. Nikasoma chupa: madini ya chuma, asidi ya foliki, sukari, rangi nyekundu. B12 hamna hata tone.

Acha nikueleze kimeng'enya hicho, ujue kwa nini sikuinunua. Ni protini iliyojikunja kama pipa. B12, mwili ukishaigeuza kidogo, hukaa mdomoni mwa pipa, na katikati yake pana chembe ya kobalti iliyoshika kaboni kwa mshiko dhaifu. Kitu cha kufanyiwa kazi kikiingia, pipa hujifunga, mshiko hukatika, ikazaliwa chembe yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Sisi huiita radikali. Haina adabu hata kidogo, humpokonya hidrojeni yeyote aliye karibu. Ila kuta za pipa zimeibana, kwa hiyo inagusa kile kimoja tu, kinapangika upya, hidrojeni inarudishwa, na ule mshiko unaungana tena. Ni kama jiko la mkaa: kuta ndizo zinazofanya moto upike badala ya kuunguza nyumba. Nimelichunguza pipa hilo miaka yote hii na bado linanistaajabisha.

Bila B12 pipa halifanyi kitu. Asidi inarundikana mwilini, na mishipa ya fahamu inapoteza ganda lake. Wataalamu bado wanabishana inaharibikaje. Kwamba inaharibika, hakuna anayebisha. Asidi ya foliki hailitibu hilo. Inasaidia damu tu, Mama ananawiri usoni, nanyi mkasema sindano za nini tena, mkaziacha.

"Isma, si unajua kinachotokea?" nikamwuliza.

"Nyabo, watu nataka kuona damu," akajibu kwa Kiswahili chake cha Kampala huku akifungasha; nyabo kwao ni bibi. "Damu inapanda, uso inang'ara, watu narudi kununua. Hiyo mishipa nani anaona? Kwani mimi naua mutu?"

Kisha akajipangusa mikono kwa spiriti kabla ya kunipa katoni, msafi kama daktari. Nikairudisha. Angekuwa hajui ningemsamehe, lakini anajua, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko matumbo yote ya machinjioni.

Na wewe ukanipigia ukicheka kwamba Mama alikanyaga msumari akatembea nao mpaka jikoni, eti ana miguu ya chuma. Sudi, hakuusikia. Nilikuchukia siku nzima.

Basi mzigo huu si ule ulioagiza. Ni sindano, nimempa mama mmoja anayeleta vitenge huko kwenu kwa meli ya ziwani inayotoka bandari ya Port Bell. Mpeleke Mama zahanati, nesi amchome, na chupa zilizobaki dukani zimwage. Majirani wakiuliza, waambie wakapimwe. Mama akiililia dawa yake tamu, sema mimi ndiye niliyemnyima.

Msalimie wifi, na mwalimu wetu wa madrasa. Shangazi anayeshinda na Mama, mwambie asimwache peke yake karibu na jiko.

Ukimaliza kusoma, mwambie Mama afumbe macho. Shika kidole gumba cha mguu wake, kisogeze juu au chini, umwulize kimeelekea wapi; mwenye mishipa mizima hujua bila kutazama. Usimsaidie. Kisha nipigie uniambie alichojibu.

Dada yako,
Mwanaidi