Rangi Yangu Haichuji

Jumanne, Tabata. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haishuki. Roho yangu nayo haitulii. Uwanja nimeufagia mara tatu na hauna taka.

Mie natia rangi batiki hapa nyumbani. Shule niliishia darasa la nne, lakini batiki yangu utaifua mpaka uzeeke, na itakuzika. Kila mteja namwambia: rangi yangu haichuji. Miaka yote najisifu hivyo.

Leo saa nne kaja Mama Sele, jirani yangu anayelima mchicha kule bondeni mtaro wetu unakoishia. Kashika fungu moja. Nikadhani kaniletea mboga.

"Shikamoo bibi. Hebu tazama mizizi."

Ilikuwa ya zambarau. Zambarau yangu, naijua kama sura za wanangu. Maji ya kusuuzia batiki huwa nayamwaga mtaroni, na yeye anamwagilia kwa maji hayohayo.

"Kweli bibi, rangi yako haichuji." Wala hakucheka.

Nikamjibu ovyo. Mtaro ni wa wote, nikamwambia, mbona wanaoosha pikipiki pale juu huwafuati?

"Wale siwapi shikamoo," akasema. Akaliacha fungu barazani, akaenda zake.

Kwa hasira nikalichukua niwatupie kuku. Mkono ukagoma.

Kuku wangu niliwaonea huruma.

Na waliokula mchicha wa jana, na wa juzi, wao nani aliwaonea huruma?

Sasa nyie mnaoendesha semina za mazingira msije hapa kunihubiria. Nina oda ya sare za harusi ya Jumamosi, rangi nne, na nyumba hii inakula kwa batiki. Maji nisipoyamwaga mtaroni nayapeleka wapi? Nayanywa?

Nimewaza mchana kutwa. Nikianza na manjano, maji yake yatasuuza nyekundu, ya nyekundu yatasuuza zambarau, ya zambarau yatasuuza nyeusi, na ya mwisho niyaweke kwenye pipa nichanganyie rangi ya safari ijayo. Inawezekana. Aibu ni kwamba ningeweza tangu zamani, ila kumwaga ni haraka, na mie napenda kusifiwa kwa haraka.

Ila kwa mwendo huo rangi nne haziwahi Jumamosi. Mie sijawahi kuchelewesha sare ya mtu.

Basi kesho asubuhi naanza kwa mama wa bibi harusi. Nitamwambia zitakuwa rangi mbili, akikataa atafute fundi mwingine. Atanisema, na nitanyamaza, japo kunyamaza sijakuzoea.

Kisha nashuka bondeni kwa Mama Sele. Umri huu nimezoea kuamkiwa tu. Kuomba radhi sijui naanzia wapi.

Nimenawa kwa sabuni ya mche, nikarudia. Vidole bado vya zambarau. Mkono nitakaompa ni huuhuu.